Kipepeo wa Unga Si Mteja

Uvumilivu wangu uliniisha kliniki, Magomeni, siku ya kupima watoto uzito. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mwanangu Salum nimempakata, kadi mkononi, sina neno na mtu. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka. Akanitazama mimi, akamtazama Salum, akarudi kunitazama mimi. Nikajua tayari.

"Samahani dada," akasema. "Nyie si ndio wale wa kwenye pakiti?"

"Pakiti gani?" nikamjibu, na pakiti naijua vizuri sana.

Akafungua mkoba wake akaitoa. Unga wa lishe, Bonge Lishe, ile pakiti ya njano ya kilo moja. Juu yake nipo mimi nimetabasamu kama mtu aliyelipwa, na Salum mapajani mwangu, mashavu kama maandazi. Yule mama akaifungua pale pale ili benchi zima lione. Unga ulikuwa umeshikana mabonge kwa nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Kabla hajasema kitu, kipepeo mdogo wa kahawia akatoka, akaruka akiyumba kama mlevi, akatua kwenye paji la uso la Salum. Salum wa kweli, siyo wa pakiti.

"Kamfuata mwenye picha," mama mwingine akasema. Benchi zima likacheka.

Hapo bado nilikuwa mzima. Aliyenimaliza ni nesi. Zamu yetu ilipofika alimpokea Salum, akamning'iniza kwenye mzani, akasema kwa sauti ya kuita foleni, "Haya, Mtoto wa Funza, umeongezeka, hongera."

Nikamwuliza, "Nani kakwambia anaitwa hivyo?"

"Si wote tunamwita hivyo, mama," akanijibu, wala hakuwa na ubaya. Alikuwa anaandika kwenye kadi.

Mwanangu bado hajajua kutembea vizuri na tayari ana jina la utani ambalo atakwenda nalo shule, atachezea nalo mpira, ataolea nalo. Mchana ule ule nikastaafu.

Najua mtacheka. Mtu wa umri wangu hastaafu, anaacha kazi. Mimi nasema nimestaafu kwa sababu kazi ile nimeimaliza yote, haikubaki kitu ndani yake ambacho sijakichekecha. Haya nawaandikia nyie mabinti mtakaokaa pale baada yangu, maana nasikia tangazo la kazi limeshabandikwa mlangoni. Mshahara sitauzungumzia, mtauona wenyewe na mtanyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Cheo nilipanda mara moja, kutoka kwenye kigoda kwenda kwenye kiti cha plastiki. Kile kiti kina mguu mbovu, kaeni mkiegemea kulia.

Nilifika dukani na cheti changu cha kidato cha nne kwenye bahasha ya kaki, nimevaa kama nakwenda kwenye usaili wa benki. Duka liko mitaa ya nyuma ya soko, Kariakoo, limebanwa kati ya muuza ndoo na muuza mashuka, na halina jina. Lina Mangi. Hilo nalo si jina lake, ila Dar mwenye duka yeyote aliyetoka Kilimanjaro ni Mangi, na huyu wetu alishachoka kusahihisha watu. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, binti," bahasha hata hakuigusa.

"Nionyeshe mikono."

Nikamwonyesha.

"Umepaka mafuta. Kanawe kwa sabuni. Unga unanusa."

Usaili ukawa umekwisha.

Ndani nikamkuta Bi Mwanaidi, mama mtu mzima wa pwani, amekaa mbele ya chekeche kubwa, nyusi zote mbili nyeupe kwa unga. Nilidhani ni uzee, kumbe akinawa ni nyeusi kabisa. Kila ninachokijua kuhusu nafaka nimekitoa kwake. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Keti, na usiongee ukiwa umeinamia unga, mate yanaruka." La pili akaniambia nizamishe mkono kwenye gunia la mahindi mpaka kwenye kiwiko.

"Unasikiaje?"

"Baridi, bibi."

"Na hili?"

Nikazamisha kwenye gunia la pili. Katikati kulikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka kuamka.

"Humo kuna watu wamehamia," akasema. "Gunia likiwa na joto tumboni usilipokee, hata aliyelileta akikwambia limetoka juani. Jua linapasha ngozi ya gunia, halipashi tumbo."

Hilo shikeni. Wauzaji wote wa magunia watawaambia habari za jua.

Kazi yenyewe mtaizoea. Mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga. Vinachambuliwa, vinakaangwa, vinakwenda kusagwa kwenye mashine ya mtaa wa pili, vinarudi unga wenye moto, unamwagwa kwenye turubai upoe, unachekechwa, unapakiwa. Ukipakia wa moto, pakiti inatoa jasho kwa ndani na unga unaota ukungu. Kwa hiyo lazima upoe. Na ukipoa ukiwa wazi, chini ya dari la Mangi, hapo ndipo shida yetu yote ilipoanzia. Mashine ya kuzibia pakiti itawaunguza mkono, hapo juu kidogo ya kifundo. Kila mfanyakazi wa duka lile ana alama hiyo. Mkikutana mjini mtatambuana.

Sasa vipepeo.

Kwetu pwani kipepeo akiingia ndani, mama ananyanyuka kuongeza maji kwenye sufuria, maana mgeni anakuja. Hauawi. Anazunguka taa, anachoka, anaondoka zake, na mgeni akija au asipokuja hakuna anayefuatilia. Zamani kabla yangu, siku moja duka lilikuwa limepoa tangu asubuhi, Mangi kashika shavu, kipepeo akaingia. Bi Mwanaidi akamwambia ili kumfariji tu, "Usihuzunike baba, unaona yule? Unapata mgeni." Jioni ile akatokea mnunuzi kutoka Lubumbashi, akazoa magunia yote yaliyokuwa ukutani.

Tangu hapo Mangi akaishika ile habari kuliko sisi wenyewe tuliozaliwa nayo. Sheria ya kwanza ya duka, kabla ya kunawa mikono, ikawa usiue mteja. Fagio halikuruhusiwa kupita darini. Dawa ya kupuliza haikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Na alikuwa amewapanga. Anayekaa mlangoni ni mteja wa rejareja. Anayetua juu ya gunia ni wa jumla. Mwenye mabawa mapana ni Mkongo. Anayezunguka weee bila kutua ni mtu wa Zambia, anaulizia bei kwanza. Nilimkuta asubuhi moja amesimama katikati ya duka, kichwa juu, anasema polepole, "Karibuni, karibuni jamani," na mle ndani hakukuwa na binadamu zaidi yangu mimi na muuza ndoo aliyekuja kuomba chenji.

"Mangi," Bi Mwanaidi akamwambia, "niliposema mgeni nilisema mmoja, tena nyumbani. Hawa ni mkutano wa hadhara."

"Basi na biashara itakuwa ya hadhara, bibi."

Na kwa sababu ni Kariakoo, wateja walikuja. Kariakoo wateja wanakuja hata kukiwa na mjusi. Lakini jaribuni kumwambia.

Mimi kwa tabia yangu sipendi kutoelewa kitu kinachoniudhi. Darasa la sita tulichora kwenye daftari yai, lava, pupa, mdudu kamili. Sekondari tukachora tena mdudu yule yule kwa Kiingereza. Picha zote mbili zilikuwa za kipepeo mzuri wa maua, hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba ana ndugu zake wanaishi kwenye unga wa uji. Vitabuni hao ndugu wanaitwa nondo, ila Kariakoo ukiulizia nondo utaletewa vyuma vya kujengea ghorofa, kwa hiyo sisi tulisema kipepeo wa unga. Nikachukua chupa tupu ya siagi ya karanga, nikatia unga, nikatia vipepeo wachache, nikafunika kwa kitambaa chepesi, nikaificha nyuma ya ndoo ya soya. Ikawa ndiyo maabara yangu.

Kipepeo mwenyewe mnamjua, ni mdogo, akitulia anakunja mabawa kama mtu aliyejifunga khanga. Upande wa kichwani khanga yake ina rangi ya maziwa ya unga, upande wa chini ina rangi ya shaba iliyochakaa. Sasa sikilizeni lililonishangaza. Hali kitu. Tangu anatoka mpaka anakufa hagusi unga hata punje, hana mdomo wa kulia. Anaoa, anataga, anakufa, wiki moja au mbili hivi kashamaliza shughuli zake zote. Nilimwonea huruma kidogo. Ikapita.

Mayai anataga kwa mamia, na kila moja ni kama chembe ya vumbi. Niliposhika moja kwenye ncha ya kidole ndipo nikaelewa kwa nini tunachekecha tangu asubuhi na bado tunapakia shida. Yai linapita kwenye chekeche bila kuinama. Linatoka funza mweupe mwenye kichwa cha kahawia, na huyo ndiye mlaji. Anakula, anajisaidia, anashona, vyote humo humo chumbani, kama mpangaji wa kule kwetu. Zile nyuzi zinazofanya unga ushikane ni zake. Hata pakiti ya plastiki anaitoboa.

Akishashiba anahama, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Hakai kwenye unga. Anapanda ukuta, anasafiri mpaka kwenye kona ya dari, au kwenye mkunjo wa gunia tupu, au nyuma ya fremu ya leseni, anajishonea kijifuko cheupe, analala. Kwa hiyo mnapofagia sakafu mkajisifu, wao wako juu wanawatazama. Siku nilipoibandua fremu ya leseni ya Mangi nilikuta vijifuko vimepangana kama viti vya sinema. Nikairudisha taratibu.

Basi, nikajifungua Salum, nikakaa nyumbani, nikarudi kazini naye mgongoni. Alikuwa bonge tangu mwanzo, mtoto wa kukaa tu penye turubai na kucheka na magunia. Bi Mwanaidi ndiye aliyemwita Bonge. Mangi alikuwa anampenda kweli, hilo siwezi kumnyima. Siku moja akaja na simu.

"Mama Salum, hebu mpakate. Tabasamu. Siyo hivyo, hivyo unatabasamu kama unadaiwa. Tabasamu kama mtoto amekula akashiba."

Nikatabasamu. Nilidhani anaweka kwenye status yake. Baadaye zikaja pakiti kutoka kiwandani, mabunda kwa mabunda, na kwenye kila moja mimi na mwanangu. Mume wangu Hamisi, anayekaanga samaki Feri, akaning'iniza moja juu ya karai lake la mafuta, akawa anawaambia wateja, "Huyu mke wangu, huyu mwanangu, na huyu pweza ni wa leo." Na mimi kwa wiki ya kwanza nilitembea Magomeni shingo imenyooka. Sitadanganya.

Halafu pakiti zikaanza kukaa madukani. Pakiti ikikaa, yai linakuwa funza. Na mtu akifungua akakuta funza, uso wa kwanza anaouona si wa Mangi. Mangi hayupo kwenye pakiti. Ni wa Salum, anacheka, kana kwamba ndiye aliyewaweka.

Wakaanza kuja dukani, pakiti mkononi, midomo imekunjwa. Alikuja mama mmoja wa Kihindi kutoka Upanga, akaweka pakiti juu ya kaunta, akanitazama, akaitazama picha.

"Wewe mama ya huyu? Wewe nampa yeye hii?"

"Nampa nikiikaanga mwenyewe upya, mama."

"Mimi kila unga, kila mchele, naweka friza kwanza, siku kadhaa. Yai nakufa. Nyinyi hapana friza?"

Friza tulikuwa nayo. Ilikuwa na soda za Mangi. Nilipomweleza Mangi akanitazama kama nimependekeza kuchinja mtu. "Mteja umtie kwenye barafu?" Akageukia pakiti zilizorudishwa, zimejaa kwenye kapu. "Na hawa waliokuja leo umewahesabu? Nilisema nini mimi? Darini wamejaa, na kaunta imejaa."

"Wamekuja kudai, Mangi."

"Wamekuja. Mengine ni mazungumzo."

Mtu wa namna hiyo humshindi kwa maneno, kwa hiyo nikajaribu kwa vitendo. Nikaleta chandarua cha zamani kutoka nyumbani, nikakitandaza juu ya turubai la kupoozea, nikakishikilia kwa ndoo nne za jirani. Unga unapumua, kipepeo hapiti. Hili nawaagiza mlifanye hata mkifukuzwa: kaanga nafaka vizuri mpaka katikati, moto unaua mayai, halafu poza chini ya chandarua, halafu ziba mara tu unga ukishapoa, usiseme nitaziba kesho. Pakiti za siku zile hazikurudishwa. Mpaka leo ukikuta pakiti safi mtaani, basi ni ya enzi za chandarua.

Haikudumu. Ikatokea siku duka limepoa, mvua, njia za Kariakoo matope. Mangi akaja nyuma kunyoosha miguu, akawakuta vipepeo wanagonga gonga chandarua kwa nje.

"Aisee, Mama Salum," akasema taratibu, kwa masikitiko ya kweli. "Kumbe ni wewe. Umewafungia nje."

Akakitoa. Na kwa kuwa hapendi kitu kizuri kipotee, akakitundika juu ya kiti chake. Kuanzia siku ile Mangi akawa anakula ndizi nyama yake ndani ya chandarua, raha mustarehe, nzi hamgusi, na sisi na unga wa watoto wa watu tuko nje na wateja wake.

Lililobaki lilikuwa ni ile chupa. Nilijiambia, huyu mtu ni mfanyabiashara, akiona kwa macho yake ataelewa. Nikaitoa nyuma ya ndoo ya soya, nikaiweka juu ya kaunta mbele yake. Wote walikuwemo, funza wanaotembea, vijifuko kwenye kona ya kioo, vipepeo wamejaa mpaka kwenye kitambaa. Bi Mwanaidi akaacha kuchekecha ili asikie.

"Mangi, tazama. Huyu anakuwa huyu, huyu anakuwa yule. Ni mmoja. Unaowakaribisha juu ndio wanaozaa wale wa kwenye pakiti. Wote hawa wametoka kwa vipepeo wachache niliowatia mwenyewe, kwenye unga wa kikombe kimoja."

Aliinama akaitazama chupa kwa muda mrefu. Nikaona midomo inatembea. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, ameelewa.

"Wachache tu?" akauliza.

"Wachache tu."

"Wamekuwa wote hawa?"

"Wote hawa."

Akaibeba chupa kwa mikono miwili, akaenda nayo mpaka mlangoni, akageuka akalitazama duka, akakifungua kile kitambaa. "Ingieni jamani," akawaambia. "Msisongamane, nafasi ipo."

Bi Mwanaidi alicheka mpaka akalala juu ya magunia. Akaniambia, akijifuta machozi na kuufanya uso wake uwe uji, "Mwanangu, mimi nilimfariji mtu siku moja tu."

Vipepeo wale walitaga kwenye unga uliokuwa unapoa siku ile. Unga ule ukapakiwa. Pakiti zile zikaenda Magomeni, zikakaa madukani muda wa yai kuwa funza na funza kuwa kipepeo, na moja ikaingia kwenye mkoba wa yule mama wa kliniki. Yaliyotokea hapo nimeshawaambia.

Nilitoka kliniki moja kwa moja mpaka dukani, Salum mgongoni. Mangi alikuwa ndani ya chandarua, amemaliza kula.

"Shikamoo Mangi. Nataka picha itoke."

"Marahaba. Picha gani?"

"Mimi na mwanangu. Kwenye pakiti."

Akatoka kwenye chandarua, hilo likanionyesha kwamba ameona ni jambo zito. Akachukua pakiti akaitazama. "Mama Salum, sikiliza. Mtoto ndiye anayeuza. Wewe naweza kukutoa. Nitakukata hapa," akapitisha kidole begani kwangu, "mtoto abaki, na mkono wako ubaki."

"Mkono wangu ubaki wa nini?"

"Bila mkono ataonekana anaanguka. Mtu hanunui mtoto anayeanguka."

"Mangi, wanamwita Mtoto wa Funza. Kliniki nzima. Nesi kamwita hivyo kwenye mzani."

Akafikiri. Nilimpa muda wa kufikiri, hilo mnishuhudie.

"Ila jina wamelishika," akasema.

Wakati ule kipepeo alikuja akatua juu ya kaunta, kati yake na mimi, akakunja khanga yake. Ile pakiti Mangi alikuwa amenirudishia. Nikamtwanga kipepeo nayo. Hata muuza mashuka akachungulia. Mangi akaunyanyua upande mmoja wa pakiti kwa kidole, akatazama chini yake.

"Umeua mtu wa Lubumbashi," akasema.

"Wa Lusaka yupo pale ukutani. Nimfuate?"

"Mama Salum, una hasira."

"Nina hasira na nimestaafu." Nikavua aproni, nikalikabidhi kopo la kuchotea kwa Bi Mwanaidi.

"Huwezi kustaafu, bado kijana."

"Nafasi yangu mpe yule wa darini. Hali, halipwi, na anazaa wateja."

Bi Mwanaidi alinisindikiza mpaka kwa muuza ndoo. Akamfuta Salum unga uliomwingia sikioni, akaniambia, "Nenda serikali ya mtaa. Na uandike, usiseme kwa mdomo. Maneno ya mdomo yule anayakaribisha ndani na kuyapa kiti."

Mtendaji wa mtaa nilimkuta kijana tu, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni.

"Unamlalamikia nani, dada?"

"Mwenye duka la nafaka."

"Kosa?"

"Anafuga vipepeo."

Akaweka kalamu chini. "Kufuga kipepeo si kosa. Hapa nyuma kuna mzee anafuga kanga, wanapiga kelele kuliko spika za mtumba, na sijapata kifungu."

Nikampa pakiti niliyotoka nayo dukani. Akaitazama, akamtazama Salum, nikaona anaumba lile neno mdomoni. Nikamwambia asithubutu. Akalimeza.

"Picha uliiruhusu?"

"Aliniambia nitabasamu."

"Hiyo si ruhusa," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nikakutana na mtu mwenye akili. "Andika. Weka kichwa cha habari. Usitukane."

Nikaandikia pale pale kwenye ukingo wa meza yake, Salum anatafuna kona ya kadi ya kliniki. Akasoma, akaniondolea neno moja ambalo sitalirudia hapa, nikaandika upya, akagonga mhuri. Yaliyopokelewa ni haya.

*

Kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWENYE DUKA LA NAFAKA KWA KUTUMIA SURA YA MTOTO WANGU KUUZIA FUNZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi Zaituni Shabani, mkazi wa Magomeni, mstaafu, ni mama mzazi wa mtoto Salum Hamisi. Mlalamikiwa aliyekuwa mwajiri wangu amechapisha picha yangu na ya mtoto huyo kwenye pakiti za unga wa lishe bila kuniomba. Ndani ya unga huo mna mayai, funza na vipepeo, ambao mlalamikiwa anawatunza kwa makusudi akiamini ni wateja. Nimemwonyesha kwa chupa kwamba si wateja. Aliifungua.

Kutokana na hayo mtoto wangu anaitwa jina ambalo sitaliandika kwenye barua ya serikali, kwa kuwa likiandikwa litapata mhuri.

Naomba ofisi yako imwamuru mlalamikiwa aache mara moja kuuza unga wowote wenye sura zetu, azikusanye pakiti zilizoko madukani, na picha itoke yote, pamoja na mkono. Naomba Bwana Afya aende akakague dari, kona, na nyuma ya fremu ya leseni, na aende amevaa kofia. Naomba unga upozwe chini ya chandarua, na mlalamikiwa atafute kingine cha kulia chakula. Akiwaambia kwamba ninyi mmeletwa na kipepeo, naomba msimkubalie, hata kama ameshawaagizia soda.

Sina ugomvi naye mwingine. Mtoto anaitwa Salum Hamisi na naomba aandikwe hivyo kwenye majibu.

Wako mtiifu,
Zaituni Shabani (Mama Salum)

Kiambatisho: Pakiti moja ya unga, haijafunguliwa. Naomba isifunguliwe humo ofisini.